Forester ya turbo kati ya Nakuru na Kisumu: breki, tairi, shoki au kompyuta ya injini kwanza?

Safari ya kutoka Nakuru hadi Kisumu kupitia Kericho ni ya takriban kilomita 185. Katika kilomita hizo gari huanzia kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi, likapanda Salgaa na Sachangwan hadi Mau Summit, kisha likateremka kupitia mashamba ya chai ya Kericho mpaka uwanda wa Kano, ambako mwinuko ni karibu mita 1,150 na joto la ziwa hukupokea kabla hujafika Ahero. Mimi ni mwalimu Nakuru na nyumbani kwetu ni Luanda, mbele kidogo ya Maseno, kwa hiyo kila shule zinapofungwa Subaru Forester yangu ya turbo hupita barabara hiyo ikiwa na watu wanne ndani na mizigo imejaa buti.

Walimu wenzangu walionunua magari kama hilo huniuliza swali moja kila mara: mtu akiwa na pesa za jambo moja tu mwaka huu, aongeze nini ili gari lake liwe kali zaidi? Hapa nalinganisha vitu vinne vinavyoshindania pesa hizo, yaani breki, tairi, shoki pamoja na springi zake, na ramani ya kompyuta ya injini (maagizo yanayoiambia kompyuta itoe petroli, cheche na shinikizo kiasi gani), halafu nagusia vidude vya sauti. Msimamo wangu nautoa mapema ili msomaji aupime akiendelea: kwa barabara zetu, breki na tairi ndizo za kwanza, shoki hufuata karibu sana, na kompyuta ya injini huja baada ya hizo zote, tena kwa masharti. Sisemi hivyo kwa sababu sipendi nguvu. Nilinunua gari la turbo, yaani lenye feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, kwa ajili ya nguvu, na bado hufurahi ninapoipita trela pale Sachangwan kwenye njia ya kupandia bila kuhangaika.

Gari lenyewe

Forester za turbo tunazoziona sana huku ni za vizazi viwili. Ya kwanza ni SH5, iliyouzwa Japani kuanzia mwisho wa mwaka 2007 hadi 2012, yenye injini ya EJ205 ya lita 2.0 inayotoa nguvu farasi 230 na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 319, ikiwa na gia 4 za otomatiki au gia 5 za mkono. Ndugu yake iitwayo S-Edition ina injini ya lita 2.5 yenye nguvu farasi 263. Ya pili ni SJG, iliyofuata hadi mwaka 2018, yenye injini ya FA20 ya lita 2.0 inayopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, nguvu farasi 280, toki ya Nm 350 na giaboksi ya CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za ngazi.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo SH5 yoyote utakayouziwa leo imeshapita mikononi mwa watu hapa hapa nchini. Jambo hilo lina uzito kuliko takwimu zote nilizotaja. Unachotaka kukiongezea nguvu ni gari ambalo huenda mafuta ya injini yake hayakubadilishwa kwa wakati, ambalo bushi zake zimepasuka, na ambalo mipira yake ya hewa ina nyufa zisizoonekana mpaka uishike na kuikunja kwa mkono.

Breki

Agosti moja tulikuwa tukiteremka kutoka Kericho, nyuma yetu basi na mbele yetu lori la miwa lililokuwa likijikokota, nami nikawa nakanyaga na kuachia, nakanyaga na kuachia, kama tunavyofanya wengi. Tulipopita Kapsoit nilisikia harufu kama ya kitambaa cha pamba kinachoungua. Nilipokanyaga tena, pedali ilizama zaidi ya ilivyozoea, laini, kama mtu anayekanyaga sponji iliyolowa. Nikashusha gia, nikawasha taa za dharura, na tukasimama Kipsitet karibu nusu saa huku rimu za mbele zikitoa joto ambalo ungelihisi ukisogeza kiganja bila kuzigusa.

Kesho yake fundi mmoja karibu na Kondele alifungua kifuniko cha mafuta ya breki, akachovya kipande cha karatasi nyeupe na kunionyesha. Kilitoka na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

“Mwalimu, pedi zako si mbaya,” alisema. “Shida ni haya mafuta. Ulibadilisha lini?”

“Tangu ninunue gari sijayagusa, fundi.”

“Basi yamekunywa maji. Mlimani yanachemka.”

Alisema kweli tupu. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hushusha kiwango chake cha kuchemka. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya hayachemki kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishalowa kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Ya DOT 4 ni 230 na 155. Ya DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka hutoa mapovu ya mvuke, na kwa kuwa mvuke hubanwa ilhali mafuta hayabanwi, mguu wako hukanyaga mapovu badala ya kuzisukuma pedi. Mfumo mzima wa breki unaweza kuwa mpya na bado ukapata pedali iliyozama.

Hesabu ya mteremko wenyewe inatisha kidogo, nami huifanya na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Kericho iko juu ya mita 2,000 na uwanda wa Kano uko karibu mita 1,150, yaani gari hushuka mita 850 hivi. Nishati inayotolewa na gari linaloshuka mita 850 ni sawa na nishati ya kulisimamisha gari hilo hilo kutoka mwendo wa kilomita 100 kwa saa mara zaidi ya 20, bila kujali uzito wake. Upepo na injini huchukua sehemu ya nishati hiyo, na zaidi ukishusha gia. Inayobaki yote huwa joto ndani ya diski na pedi. Sasa mtu anayeongeza nguvu farasi 30 huongeza pia mwendo anaoingia nao kwenye kona, na nishati hupanda kwa kipeo cha pili cha mwendo: gari lililo kwenye kilomita 110 kwa saa lina karibu mara 1.9 ya nishati ya gari lililo kwenye 80.

Ukilinganisha chaguo zilizo ndani ya breki zenyewe, kuna ngazi tatu. Ya chini ni kubadilisha mafuta yote kwa DOT 4 nzuri au DOT 5.1 na kutoa hewa katika magurudumu yote manne. Gharama yake ni ndogo kuliko kujaza tangi la petroli, na hakuna kitu kingine katika makala haya kinachokupa faida kubwa hivyo kwa pesa kidogo hivyo. Usichanganye na DOT 5, ambayo licha ya jina lake ni ya silikoni na haipatani na hizo nyingine. Ngazi ya pili ni pedi za ubora wa juu zinazostahimili joto, pamoja na diski mpya zisizotobolewa, zenye kipimo kile kile cha kiwandani. SH5 ya turbo tayari ina kalipa za mbele (vibano vinavyosukuma pedi) za pistoni mbili, ambazo si haba hata kidogo kwa matumizi ya barabarani. Ngazi ya tatu ni kalipa za pistoni nne kutoka Impreza au Legacy, ambazo hupatikana kwa wauzaji wa spea za mtumba. Hizi ni nzuri, lakini mtu anayezinunua kabla ya tairi nzuri anajidanganya, kwa sababu mwisho wa yote kinachoshika lami ni mpira. Nazo diski zenye matundu ambazo huuzwa kwa bei nafuu huanza nyufa kwenye matundu hayo hayo zikipata joto la mteremko mara kwa mara, na vifuniko vyekundu vya plastiki vinavyobandikwa juu ya kalipa ili zifanane na za magari ya mashindano huzuia hewa isizipoze. Ving'oe.

Tairi

Kama breki ni mkono, tairi ni kiganja chenyewe, na hapa ndipo watu wengi wenye turbo hubana pesa ili wapate za kwenda kununua eksozi.

Kabla ya chapa, tazama umri. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho: 2323 ina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lenye maua mazuri lakini lenye umri wa miaka minane limekwisha kuwa gumu, na mvua ya alasiri ya Kakamega, eneo linalopata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, italifichua siku moja kwenye kona za Chavakali.

Pili ni ukubwa. SH5 ya turbo ilitoka kiwandani na 225/55R17 (upana wa milimita 225, ubavu wa asilimia 55 ya upana huo, rimu ya inchi 17), na SJG na 225/55R18. Wapo wanaopenda kupandisha hadi 225/60R17 ili gari linyanyuke. Ukipiga hesabu, kipenyo huongezeka kutoka milimita 679 hivi hadi 702, gari hunyanyuka milimita 11 tu, na spidomita husoma pungufu kwa zaidi ya asilimia 3. Ni badiliko dogo lenye faida ndogo, ila ubavu mrefu zaidi husaidia shimoni. Kinyume chake, rimu za inchi 19 zenye ubavu mwembamba hupendeza sana zikiegeshwa kando ya ziwa pale Dunga, lakini shimo moja la barabara ya murramu linatosha kuikunja rimu na kulipasua tairi kwa pamoja. Kwa mtu wa magharibi, ubavu wa 55 ni wa chini vya kutosha.

Tatu ni aina, na hapa uamuzi unategemea kweli mahali unapokwenda. Tairi la barabarani lenye mpira laini husimamisha gari mapema zaidi kwenye lami yenye maji kuliko lile lenye meno makubwa ya kila eneo, na kwa mtu anayeendesha kwenye lami kwa sehemu kubwa ya safari hilo ndilo la kuchagua. Lakini nyumbani kwako kukiwa ni ndani ya udongo mweusi wa Kano, tairi la barabarani hujaa tope mara moja na kugeuka silinda laini, na magurudumu yote manne yanayosukuma hayakusaidii kitu. Mimi nilichagua la barabarani kwa sababu kutoka lami hadi kwetu ni mita mia chache za murramu. Shemeji yangu anayeishi ndani ya Ahero alichagua la kila eneo, naye hakukosea.

Mwishoni, na hili halina mjadala katika Subaru: nunua manne kwa pamoja, ya chapa moja na mchoro mmoja. Tofauti ya mzingo kati ya tairi na tairi isizidi milimita 6 hivi, la sivyo mfumo wa kugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma hufanya kazi wakati wote hata kwenye barabara iliyonyooka, ukapata joto na kuchakaa. Anayenunua mawili mapya na kubakiza mawili yaliyolika anaokoa shilingi leo na kuzilipa kwenye giaboksi.

Shoki na springi

Forester ina nafasi ya takriban milimita 220 kati ya tumbo lake na barabara, na nafasi hiyo ni moja ya sababu zilizotufanya tuinunue badala ya Impreza. Kwa hiyo sielewi vizuri mtu anayefunga springi fupi zinazolishusha gari milimita 30 au 40 halafu akaanza kupita matuta kwa mshazari. Ukitoka Kisumu kwenda Busia, matuta ni mengi kuliko vituo vya mafuta. Springi fupi zinafaa gari la lami safi. Hilo tunaliona katika picha kutoka nchi za mbali.

Kulinyanyua kwa spesa ni kosa la upande wa pili, ingawa ni dogo. Inchi moja inavumilika. Ukizidisha hapo, pembe za si-vi joini (viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu) hubadilika na mipira yake hupasuka mapema, uzito wa gari huwa juu zaidi, na gari lililokusudiwa kuwa la michezo huanza kulala kwenye kona kama matatu iliyojaza paa.

Kilichonipa tofauti kubwa kwa pesa za kadiri ni mambo mawili. La kwanza ni shoki nne mpya zenye ugumu kidogo kuliko za kiwandani, zikiwa na springi zile zile za zamani kwa kuwa zilikuwa bado nzima. Gari liliacha kudundadunda baada ya tuta, na mke wangu, ambaye hajawahi kusifu kitu chochote nilicholinunulia gari hilo, aliniuliza kama barabara ya Londiani imekarabatiwa. La pili ni fimbo nene zaidi ya kuzuia gari kulala, iliyofungwa nyuma pamoja na viungo vyake. Forester, kama ilivyotoka kiwandani, husukuma pua nje ya kona unapoingia kwa haraka. Fimbo ya nyuma hupunguza tabia hiyo bila kuongeza ugumu wa kuhisi kila kokoto. Fundi yeyote makini huifunga kwa nusu siku.

Tahadhari ni kwamba baadhi ya Forester huja na shoki za nyuma zinazojinyanyua zenyewe gari likibeba mzigo. Ukizibadilisha kwa shoki za kawaida ni lazima ubadilishe na springi pia, kwa maana springi zilizokuja nazo ni dhaifu kwa makusudi. Uliza kabla ya kulipa. Na ukishafunga chochote huku chini, peleka gari kwenye alainmenti (kunyoosha magurudumu) siku hiyo hiyo.

Kompyuta ya injini

Hapa ndipo penye ladha, na ndipo penye hatari. Kubadilisha ramani ya kompyuta, bila kubadilisha chuma chochote, kwa kawaida huongeza nguvu farasi 20 hadi 40 kwenye injini hizi, na toki hupanda hata zaidi ya unavyotarajia. Kwa bei, hakuna njia nafuu zaidi ya kupata nguvu. Kwa nini basi naiweka nyuma?

Sababu ya kwanza ni petroli. Ramani ya kiwandani ya Forester ya Japani iliandikwa kwa petroli yao ya daraja la juu, ambayo kwa sheria yao haipungui okteni 96 (kipimo cha petroli kustahimili mgandamizo bila kulipuka mapema) na mara nyingi huuzwa ikiwa 100. Super ya kwetu kiwango chake cha chini ni okteni 93. Maana yake ni kwamba gari lako, kabla hujaligusa, tayari linatumia petroli iliyo dhaifu kuliko lilivyozoea, na kompyuta huisaidia injini kwa kuchelewesha cheche kila sensa inaposikia mlipuko usiotakiwa ndani ya silinda. Anayekuja na kompyuta mpakato na kukuwekea faili iliyoandikwa kwa petroli ya 98 anakuondolea akiba hiyo ndogo iliyokuwa imebaki.

Sababu ya pili ni mwinuko. Shinikizo la hewa Nakuru ni takriban asilimia 80 ya lile la pwani, na Kisumu ni karibu asilimia 88. Injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho, na ndiyo maana turbo hupendwa sana Nakuru na Eldoret. Lakini turbo haipati nguvu hiyo bure: ili ifikishe shinikizo lile lile ndani ya injini, hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi, na hewa iliyobanwa zaidi hutoka ikiwa na joto zaidi. Ramani inayodai shinikizo kubwa zaidi, ikaendeshwa Mau Summit, huipeleka turbo karibu na mwisho wa uwezo wake.

Sababu ya tatu ni mahali ilipo intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Katika SH5 intakula hulala juu ya injini na hupozwa na upepo unaoingia kwenye tundu la boneti. Katika SJG tundu hilo halipo, na upepo huletwa na mfereji kutoka kwenye grili. Muundo huo ni mzuri gari likienda. Ukiwa nyuma ya malori kumi kutoka Salgaa hadi Sachangwan, kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa, upepo haupo, joto la injini hupanda juu, na intakula huwa chuma cha moto kinachopasha hewa badala ya kuipoza. Kisha nafasi ya kupita hupatikana, unakanyaga mpaka chini, na wakati huo ndio mbaya kuliko wote wa kuiomba injini nguvu ya ziada.

Mimi nilifanya kosa hilo. Nilibadilishiwa ramani kwenye maegesho, kwa dakika 40, bila kuulizwa natumia petroli gani wala kupimwa barabarani. Mjini Nakuru gari lilikuwa tamu ajabu. Wiki hiyo hiyo, mlimani baada ya Salgaa, nilisikia mlio mwembamba kama wa changarawe zinazotikiswa ndani ya kopo, kisha taa ya injini ikawaka na nguvu zikakatika. Nilirudi nyumbani polepole na kuomba faili ya kiwandani irudishwe. Nilikuwa na bahati kwamba injini ni EJ205. EJ255 ya lita 2.5, ile ya S-Edition, inajulikana kwa kuvunjika kingo za pistoni zinazoshika ringi inapogongwa na milipuko kama hiyo, na hapo mazungumzo huwa ya kununua injini.

Kwa hiyo anayetaka ramani aifuate kwa utaratibu. Injini ipimwe mgandamizo wa silinda zote nne. Plagi ziwe mpya, mipira ya hewa ikaguliwe, na mafuta ya injini yawe yanabadilishwa kila kilomita 5,000. Katika injini hizi za zamani, ukaguzi ufike pia kwenye chujio kidogo kilichofichwa ndani ya bolti ya bomba linalopeleka mafuta kwenye turbo, kwa sababu kikiziba, turbo hukauka na kufa. Kisha mtafute mtu atakayeandika ramani kwa petroli unayoinunua wewe, atakayekaa nawe garini mkapanda mlima huku akirekodi cheche, shinikizo na mchanganyiko wa hewa na petroli, na atakayekuachia nakala ya faili ya kiwandani. Asiyekubali kupanda mlima, usimlipe. Vile visanduku vidogo vinavyochomekwa kwenye waya ili viidanganye sensa ya shinikizo mimi nisingevigusa kabisa: vinaificha kompyuta ukweli ambao inauhitaji ili iilinde injini.

Kwa SJG ongeza jambo moja. Toki mpya hupita kwenye mnyororo wa CVT unaobanwa kati ya puli mbili, na mnyororo huo hutegemea mafuta safi ya aina iliyoagizwa na Subaru. Ikiwa hujui mafuta hayo yalibadilishwa lini, ramani isubiri.

Eksozi, filta na vidude vya sauti

Hapa sitakaa sana. Eksozi ya nyuma pekee, kuanzia mafla, huleta sauti na karibu haileti nguvu. Bomba linalotoka kwenye turbo lenyewe, likipanuliwa, huleta nguvu kweli, lakini likifungwa bila ramani mpya shinikizo la turbo linaweza kupita kiwango na kompyuta ikakata petroli ghafla. Kanuni za NEMA, mamlaka ya mazingira, za mwaka 2009 kuhusu kelele zipo, na majirani wapo pia.

Filta kubwa ya wazi hubadilisha mtiririko wa hewa mbele ya sensa inayoipima, na ile inayopakwa mafuta inaweza kuichafua sensa hiyo. Kwa vumbi la murramu, filta ya karatasi ya kiwandani inayobadilishwa mara kwa mara hulinda injini vizuri zaidi.

Ile vali inayopumua nje kwa mlio wa “psss”, ambayo vijana wengi huitaka kabla ya kitu kingine chochote, ina hitilafu ya kimaumbile katika Subaru. Kompyuta imekwisha kuipima hewa hiyo na kutoa petroli ya kutosha kwa ajili yake. Vali inapoitupa hewa nje badala ya kuirudisha kwenye bomba, petroli inabaki nyingi kuliko hewa, injini inakohoa moshi mweusi kila ukibadilisha gia, na plagi zinachafuka. Unanunua mlio na unalipa kwa petroli.

Nani achague nini

Mwenye SH5 anayesafiri Nakuru hadi Kisumu au Kakamega na familia yake, aanze na mafuta ya breki na pedi, kisha tairi nne, kisha shoki. Mwenye gari linaloshinda Kisumu mjini, likienda mbali sana ni Maseno, anaweza kutanguliza tairi na shoki, kwa kuwa miteremko yake ni mifupi. Mlima wa Riat, hapo kando ya Kisumu, si mteremko wa Kericho. Mwenye SJG yenye kumbukumbu kamili za matengenezo, ambaye breki na tairi zake ziko sawa, ndiye ninayeweza kumwambia bila wasiwasi kwamba ramani nzuri itampendeza, kwa sababu gari lake lina nguvu nyingi tangu mwanzo na lina umri mdogo. Na yeyote atakayebadilisha injini au nguvu zake aiambie kampuni yake ya bima kwa maandishi, maana dai la ajali linaweza kukataliwa kwa sababu ya badiliko lisilotajwa.

Forester yangu sasa ina DOT 5.1, pedi nzuri, diski za kawaida, tairi nne za mwaka mmoja na fimbo ya nyuma. Ramani bado ni ya kiwandani. Mwezi uliopita nilibadilisha plagi na mipira miwili ya hewa iliyokuwa na nyufa, na mgandamizo wa silinda zote nne umepimwa ukawa sawa. Shule zikifungwa Novemba, kabla hatujaenda Luanda, fundi wa ramani ameahidi kuja, na tumekubaliana kwamba tutaanzia Salgaa.